Seahawks wamemchukua Rashid Shaheed: tumenunua mrudishaji wa mateke au tumenunua kelele?

#1 Kipanga wa Kent (5 Novemba 2025)

Wakuu heshima kwenu, wa huku ughaibuni na wa nyumbani.

Jana dirisha la kubadilishana wachezaji la NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, limefungwa na Seahawks wetu wa Seattle hawakulala. Wamewapa Saints wa New Orleans machaguo mawili ya drafti ya 2026 (ile zamu ya kila mwaka ya timu kuchagua wachezaji wapya), moja la raundi ya 4 na jingine la raundi ya 5, wakapewa Rashid Shaheed. Nilikuwa ghalani kazini. Simu ikatetemeka mfukoni, nikaisoma nyuma ya maboksi kama mwanafunzi anayeibia mtihani.

Tangu hapo grupu letu la Kent na Tukwila halijatulia. Nusu wanasema tumepata mpokeaji wa pasi ndefu wa kumpunguzia mzigo mpokeaji wetu mkuu Jaxon Smith-Njigba, na wanatukumbusha kwamba Oktoba huyu bwana alidaka pasi moja dhidi ya Giants akaenda nayo yadi 87. Nusu wanasema tumechoma machaguo mawili kwa mtu wa kurudisha mateke, kazi ambayo juzi juzi tu ilikuwa inaelekea kaburini.

Mimi nasema tumefanya vizuri, na nasema hivyo HASA kwa sababu ya mateke. Pasi ni nyongeza.

Najua tulikuwa na mtu. Tory Horton, mtoto wa mwaka wa kwanza, Septemba aliwarudishia hao hao Saints teke yadi 95 mpaka golini, tukawalaza 44 kwa 13. Lakini mtoto wa mwaka wa kwanza huwezi kumbebesha pasi, mateke na baridi ya Januari kwa pamoja ukategemea afike salama. Tumeshinda mechi 6, tumefungwa 2. Huu si mwaka wa kubahatisha.

Mwageni hoja. Matusi tuwaachie mashabiki wa mahasimu wetu 49ers.

#2 KijanaMoro

Mkuu mimi niko Morogoro, nimefuata neno "mateke" nikidhani ni karate. Huyo mrudishaji anarudisha nini, kwa nani?

#3 Bint Ubungo

Kaka wa Moro karibu, mimi nilifundishwa na mwanangu anayecheza shuleni, kwa hiyo nitakufundisha kishule shule.

Kila timu ina makundi matatu. Wapo wa kushambulia, wapo wa kuzuia, na wapo wanaoitwa timu maalumu, hao huingia mpira unapopigwa kwa mguu. Kwa habari yetu teke ni la aina mbili. Kuna teke la kuanzia: mwanzo wa kila nusu na kila baada ya mtu kufunga. Na kuna teke la kuachia: timu imejaribu mara tatu kusogea yadi 10 imeshindwa, mara ya nne inaona heri iupige mpira mbali kuliko kuukabidhi pale pale ilipo. Upande wa pili anasimama mtu mmoja, anaudaka, na kundi zima linamjia kwa kasi ya bodaboda iliyokatika breki. Huyo ndiye mrudishaji. Akipenya anakwenda mpaka golini, hiyo ni tachidauni, pointi 6. Akidondosha, wapinzani wanauokota mlangoni kwako.

Sasa kwa nini Kipanga anasema kazi ilikuwa inaelekea kaburini. Teke la kuanzia lilikuwa linavunja watu, maana pande mbili zilikuwa zinakimbiliana kutoka mbali na kugongana kama malori. Kwa hiyo ligi ikawa inalibana kidogo kidogo. Mwaka 2011 walimsogeza mpigaji mbele yadi 5 ili aupeleke mpira moja kwa moja nyuma ya mstari wa goli, usirudishwe. Ikafika mahali kwenye fainali ya ligi, Super Bowl ya Februari 2024, Chiefs na 49ers kule Las Vegas, hakuna hata teke MOJA la kuanzia lililorudishwa. Watu walikuwa wanaenda kununua soda wakati huo.

Msimu wa 2024 wakaligeuza kabisa. Mpigaji anabaki yadi ya 35 ya upande wake, peke yake kama yatima. Wenzake kumi wanasimama mbele huko, yadi ya 40 ya wapinzani, karibu uso kwa uso na wazuiaji, na hakuna anayeruhusiwa kusogea mpaka mpira udakwe au uguse chini. Mpira ukianguka kati ya mstari wa goli na yadi ya 20, lazima uchezwe. Hakuna mbio ndefu tena za kugongana. Ukiupiga mrefu ukapitiliza hewani mpaka nyuma ya goli, unawapa wapinzani waanzie yadi ya 30 ya upande wao. Timu nyingi zikasema sawa, 30 si mbaya, chukueni.

Mwaka huu wa 2025 ligi imesogeza hiyo adhabu ikawa yadi ya 35. Yadi 5 tu, na makocha wote wamebadili mawazo. Ukiwapa watu 35 bure, wanahitaji kusogea kidogo tu waanze kukuhesabia teke la pointi 3, lile la kupitisha mpira kati ya nguzo za goli. Kwa hiyo sasa wanapiga mpira uanguke uwanjani, na mateke yanarudishwa kila wiki kuliko tulivyozoea. Kazi iliyokuwa kaburini imefufuka, na anayejua kuifanya amepanda bei.

#4 Papa Kivu

Bandugu, miye niko Pittsburgh, mutu wa Steelers, munisikilize kwa uchungu. Septemba hii hii mulikuja hapa kwetu. Robo ya nne mukatangulia 17 kwa 14, mukapiga teke la kuanzia. Mutoto wetu wa mwaka wa kwanza mupira ukamupita, ukaingia nyuma ya goli, yeye akauangalia tu, akafikiri ni kama zamani, kwamba umekufa. Haukukufa! George Holani wenu akaukimbilia akaulalia: tachidauni. Tukafungwa 31 kwa 17.

Miye sijui kama mrudishaji mzuri anaweza kukuletea ubingwa. Lakini asiyejua sheria anaweza kukupotezea mechi ukiwa umeketi na familia yako, chakula kingali moto.

#5 Mzee Kijembe

Kipanga mwanangu, nimekaa Tacoma tangu 2004, nimeona mvua nyingi na usajili mwingi. Nikukumbushe jina moja: Percy Harvin.

Machi 2013. Meneja mkuu ni John Schneider huyu huyu. Tukawapa Vikings chaguo la raundi ya 1, chaguo la raundi ya 7, na la raundi ya 3 la mwaka uliofuata. Tukampa Harvin mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 67. Agosti akapasuliwa nyonga. Msimu wa kawaida akacheza mechi MOJA. Oktoba 2014 tukampeleka Jets, na tulichorudishiwa hata sikitaji hapa kwa heshima ya wazee. Chumba cha kubadilishia nguo kilipumua.

Utaniambia Super Bowl. Najua, nilikuwapo sebuleni kwangu. Nusu ya pili inaanza, Broncos wanapiga teke, Harvin anaokota, yadi 87, sekunde 12 zimepita na sherehe imeanza. Lakini mwanangu, tulikuwa tunaongoza 22 kwa 0 kabla ya teke hilo! Ulinzi ule ungewafunga Broncos hata mimi ningesimama kupokea mateke na kanzu yangu. Tulimaliza 43 kwa 8. Toa pointi za Harvin, bado ni mauaji.

Hoja yangu ya pili: warudishaji wanaokotwa, hawanunuliwi. Jacoby Jones, Mungu amrehemu, Januari 2012 akiwa Texans alidondosha teke uwanjani kwa Ravens, likawagharimu, Texans wakamwacha. Nani walimchukua? Ravens wenyewe, wale wale aliowadondoshea! Hawakutoa chaguo hata moja. Februari iliyofuata kwenye Super Bowl akarudisha teke yadi 108, na Ravens wakawashinda 49ers 34 kwa 31. Mechi ya tofauti ya pointi 3. KaVontae Turpin wa Cowboys walimtoa ligi ndogo ya USFL mwaka 2022, leo ni moto wa kuotea mbali. Bure.

Na ya tatu. Devin Hester, mrudishaji kuliko warudishaji wote, huyo wa kwanza kuingia Jumba la Mashujaa hasa kwa kazi hiyo. Super Bowl ya 2007, Bears na Colts, teke la kwanza kabisa la mechi, yadi 92, golini, watu hawajakaa vitini. Matokeo? Colts 29, Bears 17. Teke moja halishindi mechi.

#6 Nimepita Tu

Hivi Simba au Yanga wangesajili mtu wa kupiga kona tu mngewaelewa?

#7 Jirani254

@Nimepita Tu, ungeona vile kona zinaamua derby ungenyamaza.

Wazee, mimi ni wa Minneapolis, Vikings damu. Sisi ndio tuliwauzia Harvin na bado tunawashukuru. Lile chaguo lenu la 25 tulimchukua Xavier Rhodes, beki aliyetufaa miaka mingi. Lakini sisi pia si watakatifu. Usiku ule ule tukawapa Patriots machaguo manne, la pili, la tatu, la nne na la saba, ili tupate chaguo la 29 tumchukue Cordarrelle Patterson. Mnamjua. Leo ana tachidauni 9 za kurudisha teke la kuanzia, hakuna binadamu amewahi kumfikia.

Oktoba 2013, Packers wako kwetu, teke la kwanza la mechi, Patterson analitoa ndani kabisa ya eneo la goli. Yadi 109. Sherehe mpaka majirani wakagonga ukuta. Mwisho wa mechi Packers 44, Vikings 31. Mwaka ule tulishinda mechi 5.

Sasa nisaidieni: huyo Patterson alikuwa ghali ama rahisi?

#8 Kipanga wa Kent

Mzee Kijembe shikamoo. Nimekusoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa chini.

Harvin tusimlinganishe na huyu. Kosa la 2013 lilikuwa BEI. Raundi ya 1 na milioni 67 huwa ni za mtu atakayekuwa uwanjani kila Jumapili. Shaheed tumemtolea la 4 na la 5, na mkataba wake unaisha msimu huu. Ukinunua mbuzi kwa bei ya ng'ombe usimlaumu mbuzi kwa kukosa maziwa ya kutosha.

Kama tunachimba historia ya Seattle, mbona umeiruka 2010? Tuliwapa Jets chaguo la raundi ya 5, tukapata Leon Washington na chenji ya raundi ya 7 juu. Mguu wake ulikuwa umevunjika vibaya mwaka uliotangulia, watu wakasema tumenunua gari la mnada. Septemba hiyo wakaja Chargers. Washington akarudisha teke la kuanzia nusu ya pili, yadi 101. Robo ya nne akarudisha jingine, yadi 99. Mrusha pasi wao Philip Rivers alirusha zaidi ya yadi 450 siku ile na bado akaondoka amefungwa 27 kwa 20. Toa hayo mateke mawili utuambie nani angeshinda.

Kuhusu kuokota, nakubali kuna wanaookotwa. Lakini unaokota Mei, una muda wa kujaribu vijana sita na kuwatimua watano. Novemba hakuna cha kuokota. Novemba unanunua au unasali.

Mimi nina hofu nyingine kabisa, na imetokana na hao hao 49ers. Walimpata Ted Ginn kutoka Miami 2010 kwa chaguo la raundi ya 5. Mechi ya kwanza ya 2011 alitufanyia SISI unyama: teke la kuanzia yadi 102, halafu dakika haijapita vizuri, teke la kuachia yadi 55. Nilitaka kubadili timu. Januari goti likamsumbua, akakosa mechi ya kuwania kwenda Super Bowl dhidi ya Giants. Mbadala wake, mateke mawili: moja likamgusa goti bila yeye kutaka, jingine akadondosha kwenye muda wa nyongeza. Giants 20, 49ers 17. Giants wakaenda kuchukua ubingwa. Yule kijana alitishiwa mpaka maisha.

Kwa hiyo ninapomlipia Shaheed sinunui tachidauni tu. Nanunua mikono.

#9 Bint Ubungo

Naongeza kwenye ya Hester maana Mzee ameisimulia nusu. Baada ya ile yadi 92, Colts waliacha kumpigia. Walikuwa wanapiga mipira mifupi ya chini chini, inaokotwa na watu wengine katikati ya uwanja. Maana yake kila teke Bears wanaanzia pazuri bila Hester hata kugusa mpira. Bears walipoteza kwa mengine, pamoja na mvua na mipira waliyoitupa.

Yadi za namna hiyo haziandikwi kwenye jina la mtu. Mrudishaji mkali ni kama mbwa wa jirani: hajawahi kuuma mtu, lakini wote mnapita upande wa pili wa barabara.

Na kwa sheria za mwaka huu kukwepa kumenunuliwa bei. Ukimwogopa, unaupiga nyuma ya goli, unatoa yadi ya 35 sadaka.

#10 Mzee Kijembe

Mnasema vizuri, mnasoma vizuri, Mungu awazidishie. Mimi na Kipanga tuwekeane mbuzi. Shaheed akirudisha teke lolote mpaka golini kabla msimu haujaisha, namchinja mimi. Asiporudisha, anachinja yeye, na mkaa wake.

#11 Kipanga wa Kent

Nimekubali. Mashahidi ni nyinyi.

#12 Chuma cha Pua

Nimevuta kigoda.

#13 Mzee Kijembe (24 Novemba 2025)

Nafufua uzi. Mechi tatu zimepita, mbuzi wangu ananenepa.

Jana tumewashinda Titans 30 kwa 24, na kuna mtu kweli amerudisha teke mpaka golini, yadi 90. Ila wa kwao! Chimere Dike, mtoto wa mwaka wa kwanza. Mnajua walimchukua raundi ya ngapi kwenye drafti? Ya 4. Chaguo kama lile lile tulilowapelekea Saints. Wao wana kijana wa mkataba wa bei ndogo kwa miaka minne, sisi tuna mpangaji wa miezi mitatu.

Kipanga uko wapi? Mkaa umepanda bei, anza kukusanya.

#14 Kipanga wa Kent

Nipo Mzee. Hiyo ya Dike imeniuma, sikatai. Ila Horton ameumia baada ya mechi na timu ya Washington na hajarudi mpaka leo. Bila Shaheed ungekuwa unamwona nani pale nyuma?

#15 Mzee Kijembe

Ningekuwa naona kijana mwenye njaa.

#16 Bint Ubungo (8 Desemba 2025)

Jamani mbuzi!!!

Kwa KijanaMoro na waliokuwa kanisani: jana Atlanta. Nusu ya kwanza ilikuwa usingizi mtupu, 6 kwa 6. Nusu ya pili inaanza, Falcons wanampigia Shaheed, anadaka karibu na goli, anapita katikati kama mtu anayejua choo kiko wapi, yadi 100. Baada ya hapo Falcons walikufa wima. Imeisha 37 kwa 9.

Kitu kimoja kidogo. Shaheed akiwa Saints alikuwa amewahi kufunga kwa teke la kuachia, lakini la kuanzia, hili ni lake la kwanza tangu aingie ligi hii. Chuoni Weber State alifunga 7 za hivyo, rekodi ya daraja lao. Mtu ana kipaji cha kuanzia miaka yote, na ligi ilikuwa imekizika kwa kuwafanya watu wapige mpira nyuma ya goli. Na bado Saints wakamwachia.

#17 KijanaMoro

Nimeiangalia hiyo klipu mara kumi na moja. Wakuu huu mchezo unaonyeshwa wapi huku nyumbani?

#18 Mzee Kijembe

Mbuzi ni haki yenu, mimi si mtu wa kukana. Lakini msiniletee Falcons kama ushahidi. Mechi ile tungeshinda. Nipeni mechi ambayo bila yeye TUMEKUFA.

#19 Kipanga wa Kent (19 Desemba 2025)

Mzee, umeipata jana?

Sijalala. Nilikuwa na zamu ya asubuhi na sijutii. Rams, kwetu, Alhamisi usiku. Robo ya nne tuko nyuma 30 kwa 14. Jirani yangu Msomali alikuwa ameshavaa viatu aondoke. Rams wanapiga teke la kuachia, Shaheed anadaka, hatua mbili kushoto, anakata katikati, yadi 58. Golini. Tukaongeza zile pointi 2 za ziada, za kuuingiza mpira golini tena baada ya tachidauni. Halafu tachidauni nyingine, na zile pointi 2 za ajabu ambazo pasi iligonga mtu, kila mmoja akadhani imekufa, mpira umelala kwenye eneo la goli, Charbonnet wetu akauokota kama mtu anayeokota chenji, waamuzi wakakaa kikao, ikakubaliwa. 30 kwa 30. Muda wa nyongeza, Rams wakafunga, nasi tukafunga, kocha Macdonald akakataa sare, akaenda kwa pointi 2. 38 kwa 37.

Kabla ya lile teke hakuna aliyekuwa anaamini kitu, hata mimi, hata wenye tiketi za bei mbaya. Nionyesheni kitu kingine kwenye mchezo huu kinacholeta pointi 6 ndani ya sekunde kumi na kitu wakati washambuliaji wako wamekwama usiku mzima.

#20 Jirani254 (21 Desemba 2025)

Mmeona Rams wamemfukuza kocha wao wa timu maalumu? Siku mbili baada ya mechi. Timu inayoshinda, Desemba, inafukuza kocha wa mateke. Mzee Kijembe, hiyo ni hati ya kifo, soma tu.

#21 Mzee Kijembe

Nimesoma. Nilikuwa pia nimekaa na viatu, kama yule Msomali.

#22 Chuma cha Pua (18 Januari 2026)

49ers. Mchujo. Teke la kwanza la mechi. Shaheed, yadi 95, golini. 41 kwa 6. Kigoda changu kimevunjika.

#23 Kipanga wa Kent

Ukumbuke hao ni wale wale waliotufanyia Ginn 2011. Nimesubiri miaka 14 na miezi minne. Sina hoja leo, nina furaha tu.

#24 Bint Ubungo (26 Januari 2026)

Tunakwenda Super Bowl, 31 kwa 27, Rams tena. Nataka niandike kuhusu teke ambalo si la Shaheed.

Robo ya tatu mpigaji wetu Dickson anapiga teke la kuachia, mrudishaji wao anadondosha, Dareke Young wetu anaulalia. Mchezo unaofuata hapo hapo mrusha pasi wetu Darnold anampasia Jake Bobo, tachidauni. Tofauti ya mechi nzima ni pointi 4. Tachidauni hiyo peke yake ina pointi 6.

Nimeipitia tena asubuhi kwa utulivu na sikuona maajabu yoyote. Mtu mmoja hakushika mpira, basi. Shaheed tangu Novemba amesimama pale kwenye mvua ya Seattle kila wiki na sisi hatukuwahi kushika vichwa. Kipanga aliandika "nanunua mikono" mwanzoni mwa uzi, nikadhani anatafuta maneno matamu. Ninaona alikuwa sahihi kuliko hata alivyokusudia.

#25 Papa Kivu

Dada, ile "hatukushika vichwa" imenigusa. Siye Pittsburgh tunashika tangu Septemba.

#26 Mzee Kijembe (9 Februari 2026)

Mabingwa! 29 kwa 13, Patriots wamekwenda na maji. Miaka kumi na moja tangu usiku ule walipotunyang'anya ubingwa kwenye mstari wa yadi 1, ambao hatuutaji hapa, na wao wenyewe ndio tumewalipa.

Sasa nilipe madeni yangu kwa mpangilio. Mbuzi: nalipa. Falcons, Rams, 49ers, tatu kamili, nilihitaji moja. Kwa mapatano yetu mbuzi ni mmoja tu lakini.

Hoja: silipi yote. Jana Shaheed hakufunga kitu. Aliyetufungia ni Jason Myers, mateke matano ya pointi 3, rekodi ya Super Bowl, na mchezaji bora ni Kenneth Walker, mbio zake zile. Ulinzi ukamaliza. Kwa hiyo nikiulizwa kama timu itoe chaguo kwa ajili ya mrudishaji, nasema ndiyo, kama timu nzima imeshakamilika na umebakiza tundu moja tu la paa. Vikings wa 2013 walinunua paa zuri, nyumba haina kuta. Jirani254 samahani.

#27 Jirani254

Si uongo.

#28 KijanaMoro

Hongereni wakuu. Mimi tangu Desemba nimekuwa Seahawks wa Morogoro, tuko wawili na shemeji yangu. Swali: Kipanga alisema mkataba wa Shaheed unaisha msimu huu. Umeisha? Akitaka hela nyingi je?

#29 Kipanga wa Kent

Unaisha Machi, mdogo wangu, na hapo ndipo umenishika. Mwaka 1997 Desmond Howard wa Packers alirudisha teke yadi 99 kwenye Super Bowl, akawa mchezaji bora wa fainali, wa kwanza kutoka timu maalumu kupata heshima hiyo. Wiki chache baadaye Raiders wakaja na mkataba mnono, akaondoka. Hakuwahi kuwa yule tena, na Packers fainali iliyofuata walifungwa na Broncos.

Novemba nilisema bei ndiyo kila kitu. La 4 na la 5 zilikuwa bei nzuri. Sasa ana pete, ana tachidauni tatu, na ligi nzima imeona sheria mpya inavyomfaa. Atakayemtaka atalipa bei ya mpokeaji wa pasi za kwanza, na sisi hizo tunamtupia Smith-Njigba. Nimepiga hesabu za milioni usiku kucha utadhani ni zangu. Moyo unasema mpeni. Mkono unaoandika hapa unakumbuka milioni 67.

#30 Mzee Kijembe

Unaona sasa? Ungeniuliza Novemba.

Jumamosi saa nane mchana, kwangu Tacoma. Mbuzi nimeshaagiza. Bint Ubungo njoo na kachumbari, Kipanga njoo na mkaa, maana mimi mkaa sikuahidi.